Usikate mwembe kwa ajili ya dishi

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Kasese, barabara ya kwenda Kilembe. Nimemaliza nyumba yangu ya mabati na sasa nataka televisheni ya dishi. Mimi napenda vipindi vya Kiswahili vya Azam, wajukuu wanataka mpira wa Uingereza kwenye DStv. Fundi wa kwanza ameniambia Azam haitashika hapa kwa sababu dishi lake linatazama magharibi na milima ya Rwenzori inaziba. Wa pili amesema milima haina neno, ila mwembe ulio magharibi ya nyumba ukatwe na madishi yafungwe juu ya paa. Mwembe huo ni mrefu kuliko nyumba mara mbili na zaidi, uko kama mita sita kutoka ukutani, na unatulisha kila msimu. Wote wawili wanataka pesa yote kwanza. Tena nataka chumba changu nacho kiwe na tivii, na mpwa wangu aliye Nairobi anataka kunipa dikoda yake ya zamani ya DStv. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, salamu kutoka Fort Portal. Nianze na mwembe, maana shoka likishashuka hakuna kurudi: usiukate. Na milima nayo usiitie hofuni. Mafundi wako wote wawili wamekosea, ila wa pili kakosea kidogo kuliko wa kwanza, na kosa lake linarekebishika kwa kuhamisha dishi upande wa pili wa nyumba.

Kwanza tujue dishi linatafuta nini. Setilaiti za televisheni zimewekwa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na zinazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana kwetu zinaonekana zimesimama palepale mwaka mzima. Wewe uko Kasese, na ikweta inakata barabara pale Kikorongo. Maana yake setilaiti zote zimejipanga juu ya kichwa chako kutoka mashariki hadi magharibi, kwenye njia ileile inayopitwa na jua mwishoni mwa Machi na Septemba. Mtu wa London dishi lake hutazama chini chini, juu kidogo tu ya mapaa ya majirani, kwa hiyo huko ghorofa la jirani linaweza kumharibia kila kitu. Sisi huku tunatazama juu. Mafundi wetu wengi wamejifunza kazi kutoka kwenye michoro ya huko, na ndipo hofu hizi za milima zinapozaliwa.

DStv ya Uganda inatoka kwenye setilaiti ya Eutelsat iliyoko longitudo ya nyuzi 36 mashariki. Ukishusha kamba kutoka kwenye setilaiti hiyo hadi chini, itagusa Kenya, kaskazini kidogo ya Nakuru. Azam inatoka nyuzi 7 mashariki, na kamba yake ingeangukia bahari ya Atlantiki jirani na kisiwa cha São Tomé. Kasese iko kwenye nyuzi 30 hivi. Kwa hiyo DStv kwako iko mashariki kidogo tu, karibu utosini: mwinuko wake kutoka upeo wa macho ni nyuzi 83, wakati utosi wenyewe ni nyuzi 90. Azam iko magharibi kamili, mwinuko nyuzi 63. Hiyo 63 ndiyo namba ya kukariri, maana ndiyo inayoamua habari ya milima na ya mwembe.

Sasa milima. Kilele cha Margherita, kirefu kuliko vyote Rwenzori, kina mita 5,109, na kutoka mjini Kasese kiko umbali wa kilomita thelathini na kitu. Siku ambayo mawingu yametoka ukakiona, kinasimama nyuzi saba hivi juu ya upeo wa macho. Migongo iliyo karibu nawe, ile ya upande wa Kilembe, inapanda zaidi machoni, lakini hata nikiizidishia nikaipa nyuzi 20 au 30, mawimbi ya Azam yanapita juu yake yakiwa na nafasi ya kutosha. Ili Rwenzori ikuzibie Azam ingebidi uwe umejenga chini ya genge.

Nadhani najua fundi wa kwanza alidanganywa na nini. Dishi hizi ndogo za nyumbani hazitazami pale uso wake unapoelekea. LNB, kile kichwa kilicho mwisho wa mkono, hakikuwekwa katikati bali kimeshushwa chini, na kwa umbo hilo dishi linatazama juu kuliko uso wake kwa nyuzi ishirini na zaidi. Ukilifunga la Azam hapo Kasese, uso wake utainuka kama nyuzi arobaini, na mtu akisimama nyuma yake ataona kama limeelekezwa mlimani. Halitazami mlima, linatazama mbali juu yake.

Kuna mahali maneno yake yangekuwa kweli. GOtv haitumii setilaiti, wala vile visanduku vya antena vinavyopokea chaneli za bure kupitia minara ya Signet, kampuni inayorusha matangazo ya antena Uganda. Mawimbi ya antena yanasafiri ardhini kutoka mnarani, na hayo mlima au bonde huyazima kabisa. Huenda aliona antena zinavyosumbua upande wa Kilembe akajumlisha yote. Akikushauri kuhusu antena, msikilize.

Tuje kwenye mwembe. Kwa mwinuko wa nyuzi 63, kila ukitoka mbele ya dishi mita moja, mawimbi yanakuwa yamepanda karibu mita mbili. Kwa hiyo chukua urefu wa kitu kilicho mbele ya dishi, uupimie kutoka usawa wa dishi na si kutoka ardhini, ugawe kwa mbili. Jibu ndilo umbali ambao kitu hicho kinatakiwa kuwa nao, na uongeze mita moja au mbili za usalama. Ila kwa mti usipime hadi kwenye shina, pima hadi pale matawi ya upande wako yanapoishia. Mwembe una mabega mapana. Shina likiwa mita sita kutoka ukutani, matawi yanaweza kuwa mita mbili tu kutoka hapo, na dishi lililofungwa upande huo wa magharibi, ukutani au juu ya paa, litapiga kifua kwenye majani. Majani mabichi yana maji, na maji ndiyo adui mkubwa wa mawimbi haya. Hapo ndipo fundi wa pili alikuwa na haki: ukifunga pale alipopachagua, mwembe utasumbua.

Lakini nani alisema lazima lifungwe pale? Zunguka nyumba uende nyuma, upande wa mashariki. Tuseme nyumba ina upana wa mita tisa. Ukisimamisha nguzo huko, matawi ya mwembe sasa yako mita kumi na kitu mbele ya dishi, na mawimbi yakifika hapo yako zaidi ya mita 20 juu. Hakuna mwembe wa nyumbani utakaoyafikia, hata ukiuacha urefuke miaka kumi. Paa lenyewe nalo haliingilii: mgongo wa nyumba ya kawaida uko mita tatu au nne juu ya dishi lililo kwenye nguzo fupi, na kwa umbali wa mita nne na nusu mawimbi yameshapanda karibu mita tisa. Cha kuangalia ni ncha ya mabati tu, ile inayoning'inia nje ya ukuta. Simamisha nguzo hatua mbili kamili kutoka usawa wa ncha hiyo, basi.

Usiniamini kwa maneno. Umefundisha, bila shaka kuna mkebe wa hesabu mahali fulani nyumbani. Chukua kile kipima pembe cha nusu duara, funga uzi kwenye kitobo cha katikati, mwisho wa uzi ning'iniza nati au kokoto. Kishike ubavu ulionyooka ukiwa juu, uchungulie ukifuata ubavu huo kama mtu anayelenga manati. Ukitazama upeo wa macho, uzi utakata 90. Inua taratibu ukielekea magharibi hadi uzi usome 27, au 153 ukisomea upande wa pili. Hapo jicho lako liko kwenye nyuzi 63, unaitazama Azam. Ukiona mbingu tupu, mahali pazuri. Ukiona majani, sogea. Fanya hivyo kabla fundi hajafika, umwekee alama ya kigingi.

Njia nyingine haihitaji hata uzi, ila ina msimu wake. Karibu na Machi 20 na Septemba 23 jua linapita palepale zilipo setilaiti. Kwa Kasese, kati ya saa nane na nusu na saa tisa alasiri linakuwa mbele ya Azam, na mnamo saa sita na nusu mchana linakuwa mbele ya DStv. Siku hizo tembea uani: panapopigwa na jua saa hiyo ndipo dishi litakapoona, palipo na kivuli achana napo. Kumbuka pia kwamba siku chache za misimu hiyo picha itakatika kwa dakika kadhaa saa hizohizo, kwa kuwa jua linatoa kelele za mawimbi zinazozidi setilaiti. Haina dawa na haihitaji fundi. Nimeshasikia watu wakiuziwa LNB mpya kwa tatizo hilo, na kwa bahati ya muuzaji picha ikarudi yenyewe wakati yuko juu ya ngazi.

Hayo madishi mawili, ndiyo, lazima yawe mawili. Kuna watu watakuambia LNB mbili zinaweza kukaa kwenye dishi moja. Zinaweza, setilaiti zikiwa zimeachana nyuzi chache. Zako zimeachana nyuzi 29, moja mashariki na nyingine magharibi. Usipoteze pesa.

Kuhusu paa, mimi sipendi dishi juu ya mabati, hasa nyumba mpya. Fundi atatoboa, atakaza, ataondoka. Mvua ya kwanza utawekea beseni sebuleni. Akilazimika kutoboa, msumari au skrubu ikae kwenye mgongo wa bati, kamwe isikae kwenye bonde ambamo maji hupita, na iingie kwenye mbao ya kenchi, isiishie kwenye bati tupu. Zaidi ya kuvuja, bati na mbao nyepesi hucheza kwa upepo, na dishi likicheza nyuzi moja au mbili picha imekwenda. Tena nani atapanda kulipangusa? Nguzo ya chini, bomba la chuma la inchi mbili lililozamishwa sentimita 60 ndani ya zege, haina shida hizi. Zege liachwe likauke siku mbili tatu kabla ya kutundika chochote, na bomba lisimame wima kwa pima maji. Fundi atakayefika asubuhi, akamwaga zege na kufunga dishi mchana, mwambie arudi Alhamisi. Kitu kimoja tu cha chini kinachosumbua ni mbuzi. Mbuzi hupenda kujikuna kwenye dishi kuliko kwenye mti, sijui kwa nini. Zungushia uzio wa fito chache.

Dishi la DStv lina vituko vyake hapa kwetu, na fundi asiyejua atakusumbua. Kwa kuwa linatazama karibu utosini, linalala chali. Majani, vumbi na kinyesi cha ndege hutuama humo, kwa hiyo lipanguswe kwa kitambaa chenye maji mara kwa mara, na lisiwekwe chini ya tawi lolote, maana kwa dishi hili kikwazo ni kile kilicho juu yake. Vishikio vya baadhi ya madishi vina vipimo visivyofika nyuzi 83, na utamwona fundi anaanza kupinda chuma kwa nyundo. Mzuie. Dishi lililopindwa halirudi kwenye umbo lake. Mwenye akili ataikunja shingo ya bomba au atatumia kishikio cha ukutani kilichoinamishwa, ili kipimo kimtoshe. Jambo jingine: kwa dishi la namna hii, kuligeuza kushoto au kulia hakubadilishi sana nguvu ya mawimbi, lakini kuinua au kushusha kidogo tu kunayapoteza. Akiwa anahangaika kulizungusha kwa nusu saa bila kugusa mwinuko, ujue anatafuta kusikokuwa. Na kila anapolizungusha, LNB nayo imezunguka, kwa hiyo arekebishe na LNB, la sivyo nusu ya chaneli zitashika na nusu zitakataa. Chaneli zimegawanywa makundi mawili, mawimbi ya wima na ya kulala, na LNB iliyopinda inachanganya makundi hayo.

Kulala chali kuna athari nyingine ndogo yenye gharama kubwa. Tundu la LNB linapoingia waya, ambalo kwenye michoro linatazama chini, kwetu huishia kulala ubavu au kutazama juu. Maji yanaingia kama yamealikwa. Kiunganishi cha hapo kivalishwe mpira wake, kisha kizungushiwe ile tepu nyeusi ya mpira inayojishika yenyewe, si selotepu wala mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi. Mfuko unashika maji ndani kuliko kuyazuia. Halafu waya kabla ya kuingia ndani ya nyumba ushuke chini upinde kama tumbo, kisha upande kuingia tunduni, ili maji yanayoufuata yadondokee pale tumboni yasiingie ukutani.

Waya wenyewe uwe RG6. Nenda dukani na sumaku ndogo. Waya wa kati ukivutwa na sumaku, ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mita kumi na tano au ishirini unatosha, usigombane na mtu. Kama safari kutoka nguzoni hadi sebuleni inazidi hapo, nunua wa shaba tupu, kwa sababu waya huo unaleta picha na pia unapeleka umeme mdogo wa kuwasha LNB, na chuma kinaupunguza njiani. Usikubali kuungwa katikati. Kipande kimoja kutoka LNB hadi dikoda.

Radi sitaipita haraka, maana Uganda ni kati ya nchi zinazopigwa sana na radi. Mwezi Juni 2011 watoto 18 walikufa kwa pigo moja katika shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo. Dishi halivuti radi kuliko kitu kingine cha chuma chenye urefu huohuo, na hii ni sababu nyingine ya kupenda nguzo fupi nyuma ya nyumba. Lakini radi ikipiga hata mtaa wa pili, umeme wake unaingia kupitia waya wa dishi na kupitia waya wa umeme wa UEDCL kwa pamoja, ukikutana kwenye dikoda. Bomba la dishi liunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo ya ethi iliyopigwa ardhini hapo hapo, na fimbo hiyo iunganishwe na ethi ya nyumba. Mafundi wengi wa dishi hawafanyi hivyo kwa kuwa hakuna anayewauliza. Wewe uliza, na ulipie fimbo. Hata hivyo hakuna ethi inayozuia pigo la moja kwa moja. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa plagi ya umeme na pia fungua waya wa dishi nyuma ya dikoda. Watu huchomoa plagi wakaacha waya, kisha wanashangaa. Wakati radi iko karibu usiguse kitu. Fanya mapema au acha. Kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, nunua gadi ya tivii yenye kuchelewesha umeme dakika chache kabla ya kuupitisha.

Pesa. Usilipe yote kwanza, na usiwe na aibu kusema hivyo. Nunua vifaa mwenyewe kwenye duka linalotambuliwa na kampuni husika, upewe risiti yenye namba ya dikoda na ya kadi. Fundi mlipe ufundi, mkiandikiana kwenye karatasi: nguzo, zege, madishi mawili, waya mita ngapi, ethi, vyumba viwili. Kila kisichoandikwa kitageuka kuwa nyongeza ukiwa tayari umeshika rimoti. Nusu mpe kazi ikianza, sehemu kubwa ya iliyobaki kazi ikiisha, na kiasi kidogo bakiza hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Anayekataa masharti haya anajua kwa nini anakataa.

Kazi ikiisha, keti mbele ya tivii na umwombe akufungulie ukurasa wa mawimbi kwenye dikoda. Utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu isikupumbaze, maana inaweza kuwa juu hata dishi likitazama setilaiti isiyo yake. Angalia ubora. Kisha mwambie asimame nje alisukume dishi kwa kidole, juu kidogo, chini kidogo. Kama ubora unapanda akilisukuma, halijafika penyewe, alegeze nati aendelee. Likiwa pazuri, kila upande atakaosukuma ubora utashuka, na akiachia utarudi ulipokuwa. Hapo akaze nati zote, huku wewe ukitazama kwamba kukaza hakukuliondoa mahali pake, na achore mstari wa rangi ya kucha kwenye bomba na kishikio. Siku mbuzi akiligeuza, mjukuu yeyote atalirudisha kwa mstari huo.

Mvua utaitumia kupima kazi yake. Mvua nzito ya ngurumo itakata picha, iwe kwa nani, kwa dakika kadhaa. Mawimbi haya hayapenyi maji mengi. Hiyo si kasoro. Manyunyu yakikata picha, dishi halikulengwa sawasawa. Na picha isiporudi hata baada ya jua kutoka, ikarudi kesho yake mchana, maji yameingia kwenye kiunganishi. Kwa hayo mawili ya mwisho fundi arudi bila malipo mapya, ndiyo maana ulibakiza pesa.

Chumba chako sasa. Atakayekuambia achukue kigawanyo cha waya augawe kuelekea dikoda mbili, mkatalie. Dikoda huiamuru LNB kwa umeme: volti 13 ikitaka mawimbi ya wima, volti 18 ikitaka ya kulala. Dikoda mbili kwenye waya mmoja zitagombania LNB, wewe ukitazama taarifa ya habari na mjukuu akibadilisha chaneli, yako inapotea. Weka LNB yenye matundu mawili na waya wa pili kutoka dishini hadi chumbani. Dikoda ya pili kwa kawaida ina malipo yake. DStv wana mpango wa kuunganisha dikoda mbili kwenye akaunti moja kwa nyongeza, uliza ofisini kwao kabla ya kununua. Kama mnaridhika kutazama kitu kimoja sebuleni na chumbani, basi dikoda moja inatosha, na waya wa HDMI wenye kigawanyo utapeleka picha ileile kwenye tivii zote mbili. Kwa mtu anayeishi na wajukuu wapenda mpira, sidhani utaridhika.

Na hiyo dikoda ya mpwa. Kushika itashika, kwa kuwa Kenya na Uganda zinapokea kutoka setilaiti ileile. Lakini imesajiliwa Kenya, kwa jina lake, inalipiwa kwa shilingi za Kenya kwa bei za vifurushi vya huko, na masharti ya kampuni yanaifunga kwenye nchi iliponunuliwa. Siku ikiandika E16, yaani malipo yamekwisha au kadi imezimwa, ofisi ya Uganda haitakusaidia. Itabidi mpwa ashughulike Nairobi. Ikiandika E48-32 hilo ni la mawimbi, rudi kwenye dishi na viunganishi. Mshukuru kijana, umwombe badala yake achangie dikoda mpya ya hapa, isajiliwe kwa jina lako na namba yako ya simu. Kama tayari ameshaipakia kwenye basi, LNB na waya vilivyo pamoja nayo vichukue, vitafaa kwa chumba cha pili kama LNB ina matundu mawili. Kadi mrudishie.